Sisi Nasi Tutakwenda Nawe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu la juma hili ni Yohana 21:3: "Simoni Petro akawaambia, Naenda kuvua samaki. Nao wakamwambia, Sisi nasi tutakwenda nawe."

Mahubiri mengi niliyosikia juu ya mstari huu humlaumu Petro. Amerudi nyuma, amesahau wito, ameshika tena nyavu alizokwisha kuziacha. Mimi lawama hiyo siioni ndani ya sura hii. Walikuwa Galilaya kwa sababu Bwana mwenyewe alisema ndiko watakakomwona (Mathayo 28:10). Walikuwa wakingoja. Na Petro alikuwa na zito kifuani: alimkana Bwana mara tatu, Bwana amefufuka, na katika simulizi la Yohana jambo lile lilikuwa bado halijagusiwa. Mtu mwenye zigo la namna hiyo hawezi kukaa ndani akitazamana na kuta. Akasema anakwenda kuvua.

Wanaonigusa zaidi ni wale wengine. Yohana anawataja: Tomaso, Nathanaeli wa Kana, wana wa Zebedayo, na wawili ambao hakuwaandika majina. Kana haiko kando ya ziwa, iko ndani, vilimani, lakini Nathanaeli naye alipanda chomboni. Hakuna aliyemwambia Petro akae chini kwanza ashauriwe. Walikwenda naye, wakakesha naye, na usiku ule hawakupata kitu.

Nimelifikiria neno hili tangu tuliporudi kutoka Mufindi. Wengi wenu mnajua kwamba ndugu yetu mmoja wa kwaya alifiwa na mkewe mwaka huu. Katika msiba ule kanisa lilisimama, namshukuru Mungu kwa hilo. Kamati iliundwa usiku uleule, turubai likafungwa, kina mama wakapika, wimbo haukukatika mpaka tukarudi kutoka makaburini. Sisi watu wa Iringa tunajua kuzika. Ila turubai likishakunjwa na viti vikarudishwa, mfiwa hubaki na sufuria zake na kitanda chenye nafasi upande mmoja. Ziara zinapungua. Wengine tunaanza kumkwepa, kwa kuwa maneno ya faraja tuliyokuwa nayo tumekwisha kuyasema yote siku ya tatu.

Ndugu huyu aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, na huko alijifunza kuvua trauti. Ni samaki wa kigeni, walioletwa na walowezi zamani za ukoloni wakapandwa kwenye vijito vya huku kwa sababu maji yake ni ya baridi na yanakwenda mbio. Siku moja baada ya ibada alisema, kama mtu anayejisemea, kwamba anatamani kwenda tena kuvua. Kabla hatujafika getini watu kadhaa walikuwa wameshasema watakwenda naye.

Tukaomba ruhusa kwa wenye eneo, tukapanda basi mpaka Mafinga, kilomita kama 80 kutoka mjini, halafu tukaingia ndani kwa miguu. Hema, unga, dagaa, blanketi, vyote mgongoni. Mufindi mwezi wa saba si mahali pa kwenda na kanzu nyepesi! Ukungu unalala juu ya chai mpaka saa nne asubuhi, na vidole vinakataa kufunga kamba za viatu. Wazee tuliokutana nao njiani walitusalimu "Kamwene" na kututazama mizigo kwa huruma.

Niseme kuhusu uvuaji wenyewe, maana wengi hawajauona. Hakuna nyungunyungu. Ndoana hufungwa manyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu mdogo wa majini, na chambo hicho hakina uzito wowote. Uzito uko kwenye mshipi. Kwa hiyo unaurusha mshipi, nyuma na mbele, mpaka ujinyooshe hewani na kumshusha yule mdudu juu ya maji taratibu. Ukiushusha kwa kishindo, samaki amekwenda. Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, akingoja chakula kiletwe na mkondo, hivyo mvuvi humwendea kutoka nyuma, akipanda na kijito. Wawili hawawezi kusimama pamoja, mishipi itafungana. Kila mmoja huchukua kidimbwi chake, na mwenzake anakuwa mbali kidogo, mahali ambapo mkiitana mnasikizana.

Yule ndugu alitufundisha haya kwa uvumilivu mkubwa. Kwa miezi kadhaa yeye ndiye aliyekuwa akihudumiwa, akiletewa chakula, akiambiwa apumzike. Kule kijitoni alikuwa mwalimu. Alimshika kijana mmoja mkono na kumwonyesha pa kuukomesha mshipi nyuma ya bega, na nikasikia sauti yake ya zamani, ile ya kuongoza besi. Naamini kuna faraja ambayo mfiwa haipati kwa kupewa. Huipata anapoombwa atoe kitu.

Juu ya mkewe alizungumza njiani. Ilikuwa kwenye kijia chembamba kati ya chai, tumepanga mstari mmoja, ambapo hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Aliongea na mgongo wa aliyekuwa mbele yake, na sisi wa nyuma tukasikia. Alisema mambo ya kawaida: mama yule alivyochukia baridi, alivyokuwa akimkaripia kwa kuacha taa ikiwaka. Halafu akanyamaza, na tukaendelea kupanda. Rafiki za Ayubu walifanya vema zile siku saba walizokaa chini pamoja naye bila kusema neno (Ayubu 2:13). Walianza kuharibu walipofungua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake. Namshukuru Roho Mtakatifu kwamba kwenye kile kijia hakuna aliyeeleza sababu.

Samaki walikuwa wachache na wadogo, tukawarudisha wengi majini. Jioni tulikula ugali kwa dagaa wa Mafinga.

Sasa rudini kwenye sura ya 21. Asubuhi kunapambazuka, Bwana amesimama ufukweni, na swali lake la kwanza ni la jikoni: "Wanangu, mna kitoweo?" Hawana. Anawaelekeza upande wa kuume wa chombo, na wavu unajaa, samaki wakubwa 153. Lakini waliposhuka walikuta moto wa makaa umekwisha kuwashwa, na samaki juu yake, na mkate. Moto wa makaa unatajwa pia katika Yohana 18:18, kwenye ule ua wa kuhani mkuu ambamo Petro alimkana Bwana wake. Bwana angeweza kumwita Petro peke yake kando. Aliwaita wote wafungue kinywa kwanza. Maswali matatu ya upendo yalikuja baada ya kula, na wale waliokesha naye chomboni walikuwa hapo.

Nawafikiria sana wale wawili wasio na majina. Yohana hakuwaandikia hata neno moja walilosema. Walipata baridi ileile ya ziwani na walikula mkate uleule kutoka mkononi mwa Bwana.

Safari inayofuata, Mungu akipenda, ni Kitulo baada ya mwaka mpya, maua yakiwa yamefunguka. Wenyeji wa kule huita mahali pale Bustani ya Mungu, na tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo fimbo za kuvulia zitabaki nyumbani. Tutatembea na kutazama tu. Ni mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari na ni majira ya mvua, basi koti la mvua na sweta si hiari. Mjulisheni mzee wa jumuiya yenu. Na kama kuna mtu mtaani kwenu ambaye turubai lake limekunjwa muda mrefu, mpitieni nyumbani juma hili mwambieni habari hizi, awe wa kanisa letu au asiwe.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyewasha moto ufukweni kabla hawajafika, wakumbuke wajane na wagane wa Iringa, wa Mufindi na wa Mbeya. Utupe miguu ya kwenda nao na ulinde vinywa vyetu njiani. Mrudishie ndugu yetu usingizi. Amina.