Nimepanda bismarckia, na mvumo unafuata

Jamani wapenda bustani wa huku Kigamboni na Pwani kwa ujumla, bismarckia yangu, ule mti wa mapambo wa jamii ya mnazi, imetoa jani jipya leo na nina furaha sana, ile rangi yake ya fedha iliyochanganyika na ubluu ukiiona jioni jua likishuka unabaki unaitazama tu! Asili yake ni Madagaska, inapenda jua kali na ikishashika vizuri ukame hauisumbui kivile. Ila pimeni nafasi kwanza, ikikomaa jani moja tu linaweza kukaribia mita 3 upana, sasa wewe uibananishe kwenye ukuta na shimo la maji taka utaipeleka wapi? Mimi nilichagua mche mdogo ulio bado kwenye kiriba makusudi kabisa, maana haitaki kuguswa mizizi, nikachana kiriba taratibu nikaushusha na udongo wake wote, samadi iliyooza, maji ya kutosha basi.

Wenye uwanja mdogo au kivuli kingi chukueni livistona ya China, nayo ni jamii hiyohiyo ya mnazi, hata kwenye chungu inakaa.

Ila kwa kweli mti ninaoutamani zaidi ni mvumo wetu wenyewe, nao ni wa jamii ya mnazi. Huo panda mbegu palepale utakapokaa, kwa sababu chipukizi lake linashuka chini sana ardhini kwanza kabla ya kutoa jani, kwa hiyo msikate tamaa mkafukua. Na dume na jike ni miti tofauti, anayetaka matunda apande kadhaa. Mwenye mbegu za Rufiji aje inbox tafadhali 🌴