Chumvi Unyayoni

Jumamosi nilikuwa Glastonbury kwenye baraka ya mtoto, na mpaka usiku huu bado naiwaza.

Wazazi wake ni watu wa Wicca, dini iliyojulikana hadharani hapa Uingereza baada ya Sheria ya Uchawi kufutwa mwaka 1951, Gerald Gardner akiwa mbele kuitangaza. Mama mtoto nafanya naye kazi nyumba ya wazee. Aliponialika nilisita. Kwetu Tanga kichanga hatolewi nje ovyo, seuze kupelekwa kwa watu wanaojiita wachawi mchana kweupe. Nikampigia mama. Akauliza, "Huyo mwenzio ni mtu mwema?" Nikamwambia ndiyo, sana. "Basi nenda. Na kanga umpelekee."

Tulisimama duara nyuma ya nyumba yao. Kuhani, mama wa makamo, aliziita pande nne, akianzia mashariki. Akapitisha moshi wa ubani juu ya mtoto, ukisimama kwa hewa; vilivyofuata vilisimama kwa moto, maji na ardhi. Pale roho yangu ikatulia. Nikakumbuka arobaini ya mwanangu, chetezo kikizungushwa chumbani. Ukafuata mshumaa, kisha maji ya Chalice Well, chemchemi ya hapo Glastonbury, waliyoyateka asubuhi. Yana chuma yale maji, mawe yanapopita yamegeuka rangi ya kutu. Mwisho chumvi, kwa ajili ya ardhi: akachukua chembe chache, akazisugua taratibu kwenye unyayo. Mtoto akakunja vidole vyote vitano.

Halafu baba mtu akainama, akamwambia mwanawe kwamba wanamwombea ulinzi tu, hawamfungi. Akikua atachagua njia yake mwenyewe, na hao walezi wawili waliosimama kando yake watamsaidia hata akienda kwingine.

Maneno hayo yamenikaa. Mimi wangu aliadhiniwa sikioni siku ile ile aliyozaliwa, na sijuti. Nilimpa kilicho bora kuliko vyote nilivyonavyo. Lakini sasa ana miaka kumi na minne, maswali yake ni mazito, na mara nyingi namjibu kwa ukali kwa sababu naogopa.

Upepo ulipoanza, mama mtoto alimfunga ile kanga.

Nilipofika nyumbani mwanangu alikuwa bado macho, akaniuliza walimfanya nini mtoto. Nikamweleza ubani, maji, chumvi unyayoni. Ya baba mtu sijamwambia bado.