Saa mbili ya mama

Mama yangu ana presha, dawa anameza kila siku saa mbili asubuhi. Nilimpakulia programu ya kumkumbusha. Ikataka barua pepe, ikataka ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yake na kujua alipo. Ya nini yote hayo kwa kidonge kimoja?

Halafu ikawa inalia asubuhi na kuandika "Dawa: saa 8:00". Mama anaizima, anasubiri saa nane mchana. Jumapili nilimkuta kakaa na glasi ya maji mkononi, macho kwenye saa ya ukutani. Iliniuma sana. Aliyeitafsiri programu ile alibadili maneno, saa akaiacha ya Kizungu.

Nikaandika ya kwangu. Skrini moja, herufi kubwa: "Saa 2 asubuhi". Kitufe kimoja: NIMEMEZA. Haina akaunti wala matangazo, haihitaji bando, na kumbukumbu zinabaki kwenye simu yake. Sheria yetu ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na mimi naona ni sawa kabisa.

Nilitaka initumie ujumbe akisahau. Nikamuuliza kwanza. "Mwanangu, ukinichunga hivyo nitaizima." Nikaiondoa.

Sasa mama mdogo naye anaitaka, ila simu yake ni kitochi. Wiki hii najaribu kuifanya kwa ujumbe mfupi.