Msumari Mmoja Ukutani

Juzi binti yangu aliibandua ile kadi ya Amsterdam kwenye friji. "Baba, huyu dada alifanya nini mpaka akachorwa?"

"Anamimina maziwa."

Akangoja niendelee. Sikuwa na la kuongeza.

Siku ile ya Amsterdam, ndani ya jumba la makumbusho la Rijksmuseum, nilikuwa na saa mbili tu kabla ya treni. Kwenye picha ya askari ya mchoraji Rembrandt nilipita mbiombio, maana vichwa vya watazamaji vilikuwa vingi kuliko vya askari waliochorwa. Nikanyoosha kwa Vermeer, Mholanzi wa karne ya 17 aliyemchora huyo dada wa maziwa. Nilitegemea picha kubwa, kumbe turubai lenyewe ni sentimita 45.5 kwa 41, la kubeba kwapani.

Nilikuwa na daftari na penseli, nikaanza na msumari. Juu ukutani upo mmoja usiotundikwa kitu, na matundu ya mingine iliyong'olewa. Ukuta wenyewe ukiutazama kwa mbali utasema mweupe. Ukikaribia unaona kijivu, manjano hafifu, na kahawia sehemu za kivuli. Nikachora msumari, kisha kivuli chake. Ukatoka mdudu. Nikafuta, nikakikoleza kivuli, likawa tundu. Dirisha liko kushoto, kwa hiyo kivuli hakina budi kuanzia pale pale chuma kinapoingia kwenye lipu, kishuke kuelekea kulia. Mara ya tatu nilikiachanisha na chuma kwa upana wa unywele tu, msumari ukabaki unaelea hewani. Mara ya nne nikaanza na kivuli chenyewe, chepesi, bila kugandamiza penseli. Msumari ukajitokeza kabla sijaugusa.

Baadaye, mwaka 2022, wataalamu waliipima picha hiyo kwa miale wakakuta kwamba nyuma ya kichwa cha huyo dada Vermeer alikuwa ameanza kuchora rafu ya majagi, kisha akaifunika kwa rangi. Rafu nzima aliitoa, msumari akauacha.

Mengine niliyatazama kwa haraka. Ganda la mkate limejaa vitone vya rangi nyepesi, kama ufuta uliomwagika, na ubavu wa kulia wa yule dada umepitishiwa mstari mwembamba mweupe ili asizame ukutani. Aproni ndiyo iliyonichelewesha. Buluu ile ilisagwa kutoka jiwe la lapisi lazuli lililochimbwa Afghanistan, rangi ya bei mbaya ambayo wachoraji wa zamani waliitunzia joho la Bikira Maria. Hapa amevishwa dada wa kazi. Makanisa ya Kiprotestanti Uholanzi yalikuwa yameshaondoa picha za watakatifu tangu vurugu za 1566, watu walipovunja sanamu makanisani, na wanunuzi sasa walikuwa watu wa mjini wenye kuta za sebule. Lakini kwa nini mtu ateketeze buluu ya namna hiyo kwenye aproni, sokoni hilo silioni jibu lake lote.

Mkate Vermeer aliujua kuuchora. Kuulipia ndiko kulikuwa na shughuli. Alipofariki mwaka 1675, mjane wake alimwachia mwokaji Hendrick van Buyten picha mbili kwa deni la gilda 617, fedha ya Uholanzi ya wakati huo.

Jioni nikamtafutia binti lile daftari. Akalitazama, akanitazama.

"Baba, ulipanda ndege ukachore msumari?"

"Minne," nikamwambia.