Jedwali la katakana na kalamu nyekundu ya Mama

Jumamosi tulikuwa tunaosha ile Vitz ya shemeji. Mpwa wangu akachutama kwenye mlango wa dereva, akaweka kidole kwenye stika ya Kijapani ambayo hakuna aliyewahi kuisumbukia. "Mjomba, hapa wameandika nini?" Nikamsomea herufi tatu za mwanzo, タイヤ: ta, i, ya. Tairi. Stika yenyewe inataja upepo unaotakiwa kwenye matairi. Akataka kujua nilijifunzia wapi, nikamjibu kwa kifupi tu, maana mawazo yalikuwa yameshanirudisha kwa Mama, enzi za lile jedwali.

Nilikuwa naandika makala za marejeo kuhusu katakana, moja ya mifumo ya herufi za Kijapani, kila herufi na makala yake. Kila makala ilihitaji jedwali lilelile pembeni, herufi inayoelezwa ikiwa imetiwa rangi. Jedwali nililoanzia lilipangwa kwa desturi ya Kijapani, safu zikishuka kutoka juu na usomaji ukianzia kulia. Nikaligeuza lianzie kushoto. Matamshi nikayaandika kwa tahajia yetu, na yalikubali bila taabu: shi, chi, nya, ryo. Habari za fonti, na simu zilizoonyesha visanduku vitupu badala ya herufi, naziruka.

Kabla ya kulitumia nililichapisha, nikampelekea Mama. Mama maisha yake yote ni kufundisha darasa la kwanza. Alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akaliangalia jedwali kama anavyoangalia daftari la mtoto, akianzia juu na bila kuongea. Alipofika kwenye シ na ツ akasimama. Nikamwonyesha kwamba katika シ vistari viwili vidogo vimepangana upande wa kushoto na ule mrefu huchorwa kwenda juu, ilhali katika ツ vidogo vimepangana juu na mrefu hushuka. Akazichora pembezoni, moja chini ya nyingine, mara kadhaa. "Hizi ni b na d zao," akasema. "Usiziache mbalimbali. Mtoto azione pamoja." ソ na ン nazo akazizungushia duara moja. Maelezo hayo yakaingia kwenye makala zote nne za herufi hizo, na mpaka leo naona ndiyo sehemu bora ya kazi ile.

Akauliza kuhusu mapengo. Mstari wa ya una ya, yu na yo tu. Kwenye mstari wa wa nilikuwa nimeziweka ヰ na ヱ, wi na we, kwa rangi ya kijivu, kwa kuwa mageuzi ya tahajia ya mwaka 1946 yaliziondoa katika uandishi wa kawaida. Alishangaa kwamba herufi inaweza kustaafishwa. Kisha akagusa ン pale mwisho, peke yake. "Hii haina irabu?" Nikamwambia haina, lakini huhesabiwa pigo kamili katika neno. "Kama n ya nchi," akasema, akaendelea. Mimi nilikuwa nimeandika aya nzima kulieleza jambo hilo.

Halafu akarudi juu kabisa, kwenye a, i, u, e, o, akaupigia mstari. "Hapa umepanga vibaya."

Nikajitetea kwamba ndivyo kamusi za Kijapani zinavyopangwa, na kwamba mpangilio huo una mizizi katika elimu ya sauti ya Kihindi, iliyofika Japani pamoja na masomo ya Kibuddha. Herufi zenyewe zilitokana na watawa wa karne ya 9, waliokata vipande vya herufi za Kichina ili waandike matamshi kati ya mistari ya vitabu vyao: カ ilitoka kwenye 加, イ kwenye 伊. Mama alisikiliza yote hayo kwa heshima. Kisha akaniuliza makala zinaandikwa kwa ajili ya nani. Mtoto aliyeimba ba be bi bo bu mbele ya ubao, akiitafuta ke, jicho lake linakwenda safu ya pili. Ataikuta ki.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilisema atakayefungua kamusi ya Kijapani akiwa na mpangilio wetu atapotea. Yeye alisema wanaofungua kamusi ya Kijapani ni wachache, wanaotaka tu kuijua herufi moja ni wengi. Hoja zote mbili zilisimama.

Niliacha a, i, u, e, o, nikaongeza rangi hafifu kwenye kichwa cha kila safu ili macho yasitangetange. Nilipomwonyesha Mama toleo la mwisho, alisifu シ na ツ, akanyamaza kuhusu irabu. Mpwa wangu sasa anataka nimchoree jedwali lake la ukutani, na bado sijaamua nilianze kwa ka, ki au kwa ka, ke.