Barafu ya Samaki kwenye Turubai la Korosho

Desemba ya Mtwara haimwonei huruma mtu aliyetoka kwenye baridi. Kusi umekwisha, kaskazi umeshika, hewa imejaa unyevu wa bahari, na saa tisa alasiri hata kivulini jasho linatoka. Mwezi huohuo dirisha dogo la usajili hufunguliwa, na timu za kusini hupokea vijana wa Makambako, Mbeya na Iringa, wenye pumzi nzuri ya milimani. Wanashuka kwenye basi usiku, kesho yake wako mazoezini.

Msimu ninaoukumbuka nilikuwa daktari wa timu moja ya Ligi Daraja la Kwanza, tukifanyia mazoezi uwanja wa Nangwanda Sijaona. Kiungo wetu mpya, kijana wa Makambako, alikuwa na siku mbili tu mjini.

Programu ya alasiri ile ilikuwa mbio za dakika 4, mara 4, mapigo ya moyo yakiwa kati ya asilimia 90 na 95 ya kiwango cha juu cha kila mchezaji, na kati ya seti na seti dakika 3 za kukimbia taratibu. Ni mazoezi ninayoyaheshimu, kwa sababu yanaongeza kweli uwezo wa mwili kutumia oksijeni. Ila yanazalisha joto jingi. Msuli unaofanya kazi hugeuza takribani robo tu ya nishati yake kuwa mwendo, sehemu yote iliyobaki ni joto. Damu hulipeleka kwenye ngozi, na jasho huliondoa kwa kukauka: lita moja ikikauka yote huondoka na kilokalori 580 hivi. Jasho linalodondoka kwenye nyasi halijapoza chochote, na Desemba ya pwani jingi hudondoka.

Kabla ya kuanza nilipima uwanja kwa vipimajoto vitatu. Chenye utambi wa pamba uliolowa kilisoma nyuzi 28, cha ndani ya tufe jeusi lililoachwa juani 45, cha kivulini 32. Cha kwanza unakizidisha kwa 0.7, cha pili kwa 0.2, cha tatu kwa 0.1, unajumlisha: 31.8. Uzito mkubwa umepewa utambi uliolowa kwa sababu ndio unaoeleza kama jasho litakauka. Mwongozo wa FIFA wa wakati huo uliweka mapumziko ya kupoza mwili, karibu na dakika ya 30 na ya 75, jumla hiyo ikifika 32. Kocha alipoisikia namba aliondoa seti moja na kuongeza muda wa maji. Hatua hiyo iliwatosha waliozoea. Lakini kipimo cha hewa hakikwambii ni nani kati ya wachezaji wako ambaye mwili wake bado uko Makambako, na mgeni anayetaka kuwaonyesha watu kwamba hakusajiliwa bure hatapunguza mwendo kwa hiari yake.

Seti ya tatu alikuwa anaongoza kundi. Ghafla akatoka nje ya koni, akakimbia kuelekea goli ambalo halikuwa kwenye njia yake. Mwenzake alipomwita akamjibu kwa matusi, naye alikuwa kijana mpole. Tukamketisha. Nikamuuliza yuko wapi, akasema yuko nyumbani na anamsubiri kaka yake. Jasho lilikuwa linamtiririka.

Nalisisitiza jasho hilo kwa sababu wengi hufundishwa kwamba kiharusi cha joto, yaani joto la mwili linapopanda mpaka ubongo unavurugika, humkausha mtu ngozi. Hivyo huwa kwa wazee waliofungiwa kwenye nyumba zenye joto siku nyingi. Mwanamichezo huanguka akiwa amelowa. Dalili ya kuitegemea ni akili: mchezaji aliyechoka na joto huwa dhaifu na mwenye kichefuchefu, lakini anajua jina lake, timu yake na matokeo ya mechi iliyopita. Akianza kuchanganyikiwa, au kuwa mkali bila sababu, baada ya mbio kali kwenye joto, chukulia kwamba ubongo unaungua mpaka kipimo kikukatalie.

Pembeni watu walishaanza kutoa majibu. Mmoja alisema malaria, na huku kwetu si jambo la kupuuza. Mwingine alinong'ona kwamba ni mkono wa mtu. Kwapani kipimajoto kilisoma 38.1, na aliyesema malaria akaona ameshinda. Ngozi iliyolowa jasho hudanganya. Kwapa, sikio na paji la uso havifai kabisa kwa mtu aliyetoka kukimbia. Tukamzungushia mataulo kumsitiri, nikapima kwa njia ya haja kubwa kwa kipimajoto chenye waya laini, kilichoingizwa sentimita 10 na zaidi kidogo. Kilisoma 41.3. Sukari ya damu ilikuwa ya kawaida.

"Dokta, gari liko tayari, tumkimbize hospitali ya Ligula," kocha alisema.

"Mwalimu, tumpoze hapahapa kwanza. Hospitali tutaenda akiwa chini ya 39."

Alinitazama kwa hofu, na ninaielewa hofu ile. Mtu anaweweseka, gari linanguruma, na daktari anasema subirini. Lakini kinachoharibu ubongo, ini, figo na misuli ni muda ambao mwili unakaa juu ya nyuzi 40 na kitu. Lengo ni kumshusha ndani ya dakika 30 tangu aanguke, na dakika hizo ukizitumia barabarani na mapokezi hazirudi. Korey Stringer wa Minnesota Vikings, mchezaji wa futiboli ya Marekani, alifariki Agosti 2001 kwa kiharusi cha joto kilichompata mazoezini. Taasisi yenye jina lake katika Chuo Kikuu cha Connecticut imefanya kazi kubwa kueneza kanuni ya kupoza kwanza na kusafirisha baadaye.

Beseni la kumtosha mtu mzima hatukuwa nalo. Nje ya ukuta kulikuwa na mzee aliyekuwa ameanika korosho za mwisho wa msimu. Mtunza vifaa akamkimbilia: "Shikamoo mzee, tunaomba turubai, mchezaji ameanguka." Mzee aliitikia marahaba huku tayari anamwaga korosho zake chini. Kijana mwingine akatumwa na bajaji soko la samaki, pale feri, akalete magunia mawili ya barafu iliyopondwa.

Hatukusubiri barafu. Tulimvua viatu, soksi na kizibao, tukamlaza katikati ya turubai. Wachezaji sita wakainua kingo mpaka likawa kama beseni, mmoja akapiga magoti kichwani akiwa amempitishia taulo chini ya makwapa ili uso usizame. Maji ya tenki yalikuwa vuguvugu, lakini mwili wa nyuzi 41 unatoa joto hata kwenye maji ya 28. Zikamwagwa ndoo sita za lita 20, juu yake barafu yote ya kwenye deli letu la maji ya kunywa. Bajaji iliporudi tukamwaga magunia yote mawili.

Walioshika kingo nikawaambia wazipandishe na kuzishusha kwa zamu, upande mmoja kisha mwingine, bila kuacha. Maji yakitulia, tabaka jembamba linalogusa ngozi hupata joto na kumfunika mgonjwa, upozaji ukapungua. Kichwani taulo la barafu lilibadilishwa kila lilipopoteza ubaridi. Mtu alileta feni ya kuchaji kutoka ofisini. Nilimshukuru na kuiweka kando, kwa sababu kupepea hutegemea maji yakauke, na hewa ya siku ile haikuwa na nafasi ya kuyapokea. Kwa pwani yetu ni kuzamisha, na barafu nyingi kadiri inavyopatikana.

Wengine walitaka anywe maji. Mtu asiyejitambua hanyweshwi, yatamwingia mapafuni. Wengine wakauliza kuhusu dawa ya kushusha homa. Kwenye malaria ubongo wenyewe umepandisha kiwango cha joto, na paracetamol hukirudisha chini. Hapa kiwango hakijapanda, ni joto lililozidi uwezo wa mwili kulitoa. Dawa haina pa kushika, na ini ambalo tayari limeumizwa na joto unaliongezea mzigo.

Nilisoma kipimo kwa sauti ili walioshika wajue kazi yao inazaa: 40.6, 40.1, 39.7. Karibu na 39.5 alianza kutetemeka na mmoja akataka tusimame. Tuliendelea. Karibu na 39.2 akamtaja kocha kwa jina na kuuliza kwa nini yuko ndani ya maji. Ilipofika 38.9 tukamtoa, kwa kuwa joto la ndani huendelea kushuka lenyewe hata baada ya maji kumwagwa, na ukichelewa utampeleka kwenye baridi ya hatari. Zilikuwa zimepita dakika zisizofika 20. Tukamfuta, tukamfunika shuka, tukampakia ubavu, safari ya Ligula ikaanza.

Hospitali ilikuwa na kazi yake: kipimo cha malaria, ambacho kilitoka hana, kisha figo, ini, chumvi za damu na kimeng'enya cha misuli, pamoja na kuangalia mkojo. Mkojo wa rangi ya chai nzito maana yake misuli imevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Wake ulibaki wa njano.

Alitaka kurudi uwanjani wiki ileile. Alikaa siku 7 kamili bila zoezi lolote, vipimo vya damu vikarudiwa, ndipo akaanza saa kumi na mbili asubuhi, dakika 20 za kukimbia taratibu bila kizibao, akiongezewa muda kwanza, kasi baadaye, na jua mwisho kabisa. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kuzoea joto: maji ya damu huongezeka, moyo hupiga polepole kwa kazi ileile, jasho huanza mapema na hutoka jingi lakini lenye chumvi kidogo. Mabadiliko makubwa hutokea siku tano za mwanzo, na hayaji kwa kukaa kivulini. Kocha akaweka utaratibu huohuo kwa kila aliyesajiliwa kutoka milimani. Kwenye bajeti ya mechi za nyumbani ikaingia barafu ya feri, na turubai likanunuliwa jipya, la zamani likarudi kwa mwenyewe pamoja na fedha ya korosho zilizolowa.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa katikati ya Januari. Alitolewa dakika ya 60 kama tulivyopanga. Kwenye mizani alikuwa amepungua kilo 1.3 kutoka 70, chini kidogo ya asilimia 2, akapewa karibu lita mbili za maji ya ORS azinywe kidogokidogo mpaka jioni.