Jinsi brashi yangu ya polima ilivyokubali kunywea

Kwa miezi mitatu hivi, kila niliyemwomba ushauri aliniambia niongeze muda wa uigaji wa kompyuta, na kila nilipouongeza brashi yangu ilibaki wima kama askari wa gwaride. Ninazungumzia minyororo ya PNIPAM, aina ya polima (molekuli ndefu za vipande vinavyojirudia), iliyopandikizwa ncha moja kwenye uso mgumu kama nywele za brashi. Ndani ya maji yaliyo chini ya nyuzi 32 hivi za Selsiasi hutanuka, na ndani ya methanoli tupu hutanuka pia, lakini vimiminika hivyo viwili vikichanganywa, minyororo hujikunyata. Kioja hicho ndicho nilichotaka kukiona kwenye kompyuta.

Sikuiga kila atomu. Nilitumia LAMMPS, programu ya kuiga mwendo wa chembe, na mfano wa shanga na chemchemi wa wanafizikia Kremer na Grest wa mwaka 1990, ambamo mnyororo ni shanga zilizounganishwa kwa chemchemi; maji na methanoli nazo nilizifanya shanga mojamoja. Nikaifanya methanoli ivutwe na polima zaidi kuliko maji yanavyovutwa, ili shanga moja ya methanoli iweze kushika sehemu mbili za mnyororo na kuzibana pamoja kama kishikizo. Methanoli niliiweka asilimia 5 ya kiyeyusho, na kisanduku, yaani nafasi ambamo shanga zote huigwa, nikakifupisha ili kuokoa muda. Ubahili huo ndio ulioniponza.

Hatimaye nilihesabu shanga tabaka kwa tabaka, kazi ambayo kwa kweli ilipaswa kuwa ya siku ya kwanza, nikakuta kwamba juu ya brashi methanoli ilikuwa karibu imekwisha. Minyororo ilikuwa imeinyonya yote, na bado haikutosha kuibana. Asilimia 5 niliyoiandika kwa fahari kwenye daftari haikuwapo popote ndani ya kisanduku.

Nilijaribu kurefusha kisanduku, kompyuta ikawa inajikokota kwa ajili ya maji matupu. Ndipo nikatenga ukanda wa juu kabisa, mbali na brashi, na kila baada ya hatua elfu kadhaa programu yangu fupi ikawa inahesabu methanoli iliyomo. Ikipungua, shanga chache za maji zinageuzwa kuwa methanoli. Kwa kuwa shanga zote mbili nilizipa ukubwa na uzito mmoja, ugeuzaji huo haukuleta mshtuko wowote.

Brashi ilinywea. Nilipoendelea kuongeza methanoli ikainuka tena, kama inavyotakiwa. Mmoja wa washauri wangu alipoiona grafu aliniuliza kama hatimaye niliongeza muda.